Vidonda Viwili vya Mtakatifu Camillo

1. Mtoto wa uzeeni

Zamani, katika nchi ya Italia, alikuwako mama mmoja jina lake Camilla. Alikaa katika mji mdogo uitwao Bucchianico, nao umejengwa juu ya kilima. Mume wake, Giovanni de Lellis, alikuwa kapiteni wa askari. Camilla alikuwa amekaribia miaka 60, na majirani hawakutumaini tena kwamba atapata mtoto. Lakini tarehe 25 ya mwezi wa tano, mwaka 1550, akazaa mtoto mwanamume. Wakambatiza, wakamwita Camillo kwa jina la mama yake.

Watu husimulia kwamba kabla ya kuzaa, Camilla aliota ndoto. Alimwona mtoto mwenye msalaba mwekundu kifuani, anawatangulia watoto wengine wenye alama ile ile. Mama akaogopa sana. Alidhani kwamba mwanawe atakuwa mkubwa wa wanyang'anyi. Hakujua maana ya ndoto ile, wala hakuishi hata kuijua.

Siku zile Italia haikuwa nchi moja kama ilivyo leo. Ilikuwa na watawala wengi, na kila mtawala alikuwa na jeshi lake. Watu wengi walifanya vita kwa mshahara, mwaka huu kwa bwana huyu, mwaka wa pili kwa bwana mwingine. Kwa hiyo Giovanni alikaa mbali na nyumba yake siku nyingi. Mama mzee alibaki na mtoto mwenye nguvu nyingi na hasira nyingi. Camillo alitoroka shule, akagombana na wenzake, hakupenda kuonywa. Mama alilia, akamwombea kwa Mungu. Camillo alipokuwa na miaka 13 hivi, mama akafa.

Tangu hapo hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Akakua upesi, akawa mrefu kupita watu wote wa mji, karibu mita 2. Mwili ulikua, lakini moyo haukukua pamoja nao.

2. Kidonda cha mguu na kidonda cha moyo

Camillo alijifunza mapema kucheza kamari. Kamari ni mchezo wa fedha. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anaweka fedha yake, halafu wanatupa dadu au wanafunua karata. Mmoja anachukua yote, wengine wanabaki mikono mitupu. Aliyepata anataka kupata zaidi. Aliyekosa anataka kurudisha alichopoteza. Kwa hiyo hakuna anayesimama kwenda zake. Mtu anaanza kwa kucheka, halafu anakuwa mtumwa, naye hawezi kuitaja siku aliyofungwa.

Baba yake mwenyewe alikuwa mchezaji, na mtoto alifuata mfano wake. Camillo alipokaribia miaka 20, wakaondoka wote wawili kwenda kutumika katika jeshi la Venezia, lililokuwa likipigana na Waturuki. Njiani baba akaugua, akafa. Hakumwachia mwanawe shamba wala nyumba, ila silaha zake tu.

Siku zile zile kikatokea kidonda kidogo katika mguu wa Camillo, karibu na kifundo. Alikidharau. Kidonda kikakua, kikatoa usaha, hakikufunga. Hivi kijana huyu akawa na vidonda viwili. Kimoja kilikuwa mguuni, na watu wote waliweza kukiona. Cha pili kilikuwa moyoni, nacho kilikuwa kibaya zaidi. Hicho cha pili ni ile kamari.

3. Ahadi zinavunjika

Msidhani kwamba Camillo hakujua ubaya wake. Alijua. Muda mfupi baada ya baba kufa, alipokuwa katika mji wa Fermo, aliwaona watawa wawili wa Mtakatifu Fransisko wakipita njiani. Walitembea kwa utulivu, macho chini, kanzu zao za kimaskini. Camillo aliwatazama, akaona haya juu ya maisha yake. Pale pale akaweka ahadi mbele ya Mungu kwamba ataingia katika shirika lao. Akaenda kwa mjomba wake, aliyekuwa mtawa katika mji wa L'Aquila, akamwomba ampokee. Mjomba alimwona ni kijana asiyetulia, tena mwenye kidonda. Hakukubali. Camillo akarudi njiani, na siku chache baadaye akarudi kwenye karata.

Mwaka 1571 akafika Roma. Huko kulikuwa na hospitali kubwa ya Mtakatifu Yakobo, iliyopokea watu wenye magonjwa yasiyopona upesi. Camillo hakuwa na fedha ya kulipa. Basi wakakubaliana kwamba atatibiwa mguu, naye atawatumikia wagonjwa wengine. Mguu ulianza kupata nafuu, lakini moyo haukupata. Aligombana na watumishi wenzake. Alitoroka kazi yake kwenda kucheza karata na wenye mashua kando ya mto Tevere, na wagonjwa walibaki wakimngoja. Wakubwa wa hospitali walimwonya mara nyingi. Mwisho wakamfukuza.

Akarudi vitani. Akapigana kwa mshahara wa Venezia, halafu kwa mshahara wa mfalme wa Hispania. Kila mshahara aliopokea, kamari iliula. Mwaka 1574, merikebu yao ilipokuwa ikirudi kutoka upande wa Afrika ya Kaskazini, dhoruba kubwa ikawashika baharini. Mawimbi yalipanda juu ya merikebu, na watu wote walidhani wamekufa. Camillo akakumbuka ahadi yake ya kwanza, akaahidi mara ya pili kwamba akiokoka ataingia utawa. Mungu akawaokoa. Wakashuka salama katika mji wa Napoli.

Na huko Napoli Camillo alifanya nini? Alikaa mezani kucheza. Akapoteza fedha yake yote. Akaweka upanga wake, akaupoteza. Akaweka bunduki yake, akaipoteza. Akaweka koti lake, likaenda vilevile. Mwisho akavua hata shati lake mbele ya watu, akalipoteza nalo.

Tazameni mambo hayo. Ahadi ya kwanza ilitoka katika haya, na ya pili ilitoka katika hofu. Haya ilipokwisha na hofu ilipopita, ahadi nazo zilipita. Camillo alikuwa akitegemea nguvu zake mwenyewe, na nguvu zile, zilizotosha kushika upanga, hazikutosha kuacha karata moja.

4. Mlangoni mwa kanisa

Sasa askari mrefu hakuwa na kitu. Pamoja na mwenzake mmoja akatembea kutoka mji hata mji, akiomba chakula. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja wakafika Manfredonia, mji ulio kando ya bahari. Baridi ilikuwa imeanza. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Camillo alisimama mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi, akiwaomba watu sadaka. Uso wake uliwaka kwa haya. Mtoto wa kapiteni alikuwa mwombaji.

Bwana mmoja wa mji huo akamtazama. Aliona mtu kijana, mrefu, mwenye mabega mapana. Akamwuliza kwa nini hafanyi kazi, akamwambia kwamba watawa Wakapusini wanajenga nyumba yao, nao wanahitaji wafanyakazi. Mwenzake Camillo hakutaka kusikia habari ya kazi. Alimvuta waende zao, na Camillo akamfuata. Lakini walipokuwa njiani, moyo wake ukamwambia arudi. Akaachana na mwenzake, akarudi peke yake, akaomba ile kazi.

Labda mtu ataona kwamba jambo hili ni dogo. Sivyo. Mwenzake yule alikuwa mchezaji kama yeye. Camillo asingaliachana naye siku ile, angaliendelea kutembea naye mpaka kwenye meza nyingine. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza, naye hakujua bado kwamba Mungu anamwongoza.

Wakapusini wakampa punda wawili. Kila siku aliwapeleka kuchukua maji, mawe na chokaa kwa ajili ya mafundi. Watoto wa mji walimfuata wakimcheka, kwa kuwa zamani alikuwa askari na sasa alikuwa mchunga punda. Camillo aliuma meno. Mara nyingi alifikiri kwamba baridi ikiisha atachukua mshahara wake na kurudi vitani na kwenye kamari. Lakini watawa walimtendea vizuri. Walimpa kitambaa cha kujikinga na baridi, wakampa chakula, hawakumwuliza mambo yake ya zamani.

5. Njia ya tarehe 2

Tarehe 1 ya mwezi wa pili, mwaka 1575, wakamtuma na punda kwenda kwenye nyumba nyingine ya Wakapusini, katika mji wa San Giovanni Rotondo, milimani. Jioni, padri mkubwa wa nyumba hiyo, jina lake Angelo, akamwita bustanini wakazungumza. Hakumgombeza. Alimweleza kwa maneno machache kwamba Mungu ni yote, na vitu vingine vyote si kitu. Tena akamwambia kwamba kazi ya kwanza ya mtu ni kuikimbia dhambi na kuiokoa roho yake. Akamfundisha pia la kufanya shetani akimshawishi. Camillo akamwomba amwombee, kisha akaenda kulala.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kumtoa Mtoto Yezu hekaluni, siku ya kubariki mishumaa. Camillo akasikiliza Misa, akapokea mzigo wake, akaondoka. Njia ilipita kati ya mawe na vichaka. Alikuwa peke yake na punda wake. Maneno ya yule padri yalizunguka kichwani mwake. Mara akayaona maisha yake yote kama mtu anavyoona bonde lote kutoka juu ya mlima. Aliona machozi ya mama yake, wagonjwa aliowaacha kitandani, ahadi mbili alizozivunja, na lile shati la Napoli.

Akashuka chini, akapiga magoti juu ya mawe, akalia kwa sauti. Akajipiga kifua, akamwomba Mungu msamaha, akashangaa kwamba alichelewa miaka mingi kumjua na kumpenda. Safari hii hakujivuna kwamba yeye Camillo ataacha kamari. Alikiri kwamba yeye ni mkosaji asiyeweza kujifungua mwenyewe, akamwomba Mungu amfungue. Aliomba apewe muda wa kutubu tu, kama maskini anavyoomba kipande cha mkate mlangoni. Pale mlangoni Manfredonia alikuwa amejifunza kuomba sadaka kwa watu. Sasa alijifunza kuomba kwa Mungu.

Akainuka, akawafuata punda. Camillo alikuwa na miaka 24. Tangu siku ile mpaka kufa kwake, miaka 39, hakurudi tena katika maisha yale ya kamari. Na kila mwaka, tarehe 2 ya mwezi wa pili ilipofika, aliikumbuka kama siku ya kuzaliwa kwake mara ya pili.

6. Kidonda kimoja kinapona, cha pili kinabaki

Camillo akaomba kuingia shirika la Wakapusini, nao wakampokea. Akavaa kanzu yao, akafanya kazi, akafunga, akasali, akawafurahisha wote. Alidhani kwamba amefika mwisho wa safari. Lakini ile kanzu nzito ilisugua mguu wake kila siku, na kidonda cha mguu kikafunguka tena. Shirika halikuweza kumshika mgonjwa wa namna ile. Wakamwambia kwa huzuni aende kutafuta dawa.

Alikwenda wapi? Roma, katika hospitali ile ile ya Mtakatifu Yakobo iliyomfukuza. Aligonga kwenye mlango alioutokea kwa aibu. Wakubwa wakaona kwamba mtu aliyerudi si yule wa zamani. Sasa aliamka usiku kuwapa wagonjwa maji. Aliwaosha, akawatandikia, akasali pamoja na waliokaribia kufa. Mikono iliyoshika karata sasa ilishika sahani na vitambaa vya vidonda.

Baada ya miaka 4, mguu ulionekana umepona. Camillo akarudi kwa Wakapusini kwa furaha. Kidonda kikafunguka mara nyingine. Mwaka 1579 wakamwambia kwamba hawezi tena kuwa mtawa wao kamwe. Camillo akalia sana. Aliomba jambo jema, kwa moyo mwema, na Mungu hakumpa.

Hapo ndipo mtu anaweza kukata tamaa. Mtu mwingine angalisema moyoni kwamba Mungu hamtaki, angalirudi kwenye karata. Camillo hakurudi. Alikuwa na padri wa kumwungamisha, Mtakatifu Filippo Neri, aliyejulikana Roma yote kwa hekima na uchangamfu wake. Alimfungulia moyo wake wote, hakuficha kitu. Alisali kila siku, si siku ya hofu tu. Hakukaa bure, kwa maana alijua kwamba mikono isiyo na kazi inatafuta kazi yake ya zamani. Akarudi hospitalini, nao wakamweka kuwa msimamizi wa watumishi wote.

Polepole akaanza kufahamu. Vidonda vyake vilikuwa viwili, na Mungu aliponya kimoja tu. Kile cha moyo kilifungwa. Kile cha mguu kilibaki, nacho ndicho kilichomrudisha kila mara mahali Mungu alipomtaka, yaani kati ya wagonjwa. Aliumwa mguu huo zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyeweza kumwambia kwamba hajui maumivu ni nini.

7. Mwanafunzi mrefu

Siku zile hospitali za Ulaya zilikuwa mahali pa kutisha. Watumishi walilipwa kidogo, wengi wao hawakuwapenda wagonjwa. Waliwaacha katika uchafu, waliwanyima maji, na wengine walifunikwa kama maiti kabla hawajafa. Camillo aliona hayo, akahuzunika. Usiku mmoja, mwezi wa nane mwaka 1582, akapata wazo. Ingefaa kuwa na watu wanaowatumikia wagonjwa bila kutazama mshahara, kwa ajili ya Mungu, kama mama anavyomtumikia mtoto wake wa pekee mgonjwa.

Akawakusanya wenzake wachache, wakasali pamoja katika chumba kidogo mbele ya msalaba. Wakubwa wengine wa hospitali wakamwonea shaka. Wakaamuru chumba kile kiondolewe. Camillo akauchukua msalaba, akapiga magoti mbele yake kwa machozi. Akapata nguvu, kwa kuwa alifahamu kwamba kazi ile si yake, ni ya Mungu.

Waliomshauri wakaona kwamba inafaa awe padri. Lakini Camillo hakujua Kilatini. Yule mtoto aliyetoroka shule sasa alikuwa na miaka 32, naye alirudi darasani katika shule kubwa ya Wayezuiti huko Roma. Alikaa kwenye benchi pamoja na watoto wadogo, magoti yake marefu yakigusa meza. Watoto walimcheka kwa kuchelewa kwake. Zamani angaliwapiga. Sasa alinyamaza, akafunua kitabu chake. Aliyeweza kuvua shati lake kwa ajili ya kamari aliweza pia kuvua kiburi chake kwa ajili ya Mungu. Tarehe 26 ya mwezi wa tano, mwaka 1584, akapewa upadri.

8. Msalaba mwekundu

Wenzake wakaongezeka. Mwaka 1586, Papa Sixtus wa Tano akakubali shirika lao, akawapa ruhusa ya kuvaa msalaba mwekundu juu ya kanzu yao nyeusi. Hapo watu wa Bucchianico wakakumbuka ndoto ya mama Camilla. Wenye msalaba kifuani walikuwa wamekuja kweli, na mwanawe aliwatangulia, si kwenda kunyang'anya, bali kutumikia. Tena wakumbukeni: msalaba huo ulivaliwa zaidi ya miaka 270 kabla ya kuanzishwa kwa shirika la Msalaba Mwekundu la siku zetu, mwaka 1863.

Mwaka 1591 wakaweka nadhiri zao. Pamoja na umaskini, usafi na utii, waliongeza nadhiri ya nne: kuwatumikia wagonjwa hata wakati wa tauni, hata kama wao wenyewe watakufa. Haikuwa maneno tu. Huko Napoli zilifika merikebu zenye wagonjwa wa tauni, na hakuna aliyethubutu kuwakaribia. Ndugu wa Camillo wakaenda. Wengine wao wakaambukizwa, wakafa. Baadaye wengine walifuatana na majeshi huko Hungaria, bila silaha, ili kuwatunza askari waliojeruhiwa. Camillo alijua vita, naye alijua kwamba askari aliyeanguka hana rafiki.

Yeye mwenyewe hakuacha kazi ya mikono. Katika hospitali kubwa ya Roho Mtakatifu huko Roma alipita kitanda kwa kitanda, mara nyingine amepiga magoti, kwa maana aliona kwamba katika kila mgonjwa anamtumikia Yezu Kristu mwenyewe. Alitaka madirisha yafunguliwe hewa iingie. Alitaka kila mgonjwa apewe chakula kinachofaa ugonjwa wake, na wenye magonjwa ya kuambukiza watengwe na wengine. Aliagiza kwamba mtu akikata roho, ndugu waendelee kusali kando yake kwa muda, wala wasimfunike uso upesi, ili mtu mzima asizikwe pamoja na wafu.

Mwishoni mwa mwaka 1598, wakati wa Noeli, mto Tevere ulifurika. Maji yakaingia katika hospitali ya Roho Mtakatifu. Camillo na ndugu zake wakawabeba wagonjwa mabegani, mmoja mmoja, mpaka ghorofa ya juu, mchana na usiku. Mto ule ule aliouendea zamani kucheza karata, siku hiyo aliingia katika maji yake mpaka kiunoni kwa ajili ya wagonjwa.

9. Mwisho wa safari

Mwaka 1607 Camillo aliacha ukubwa wa shirika. Alipenda kuwa mtumishi tu. Mguu wake ulizidi kuuma, tumbo lake halikupokea chakula, lakini usiku alijikokota kwenda kuangalia kama mgonjwa fulani anahitaji kitu. Mpaka siku za mwisho alijiita mkosaji mkubwa, akawaomba watu wamwombee. Hakusema kamwe kwamba ameshinda kwa nguvu zake. Alifahamu kwamba neema aliyoipokea njiani pamoja na punda ilimpasa kuiomba tena kila asubuhi.

Tarehe 14 ya mwezi wa saba, mwaka 1614, Camillo akafa huko Roma, mikono yake imenyoshwa kama msalaba. Alikuwa na miaka 64. Mwaka 1746 Papa Benedikto wa Kumi na Nne akamtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka 1886 Papa Leo wa Kumi na Tatu akamweka kuwa msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali, na mwaka 1930 Papa Pio wa Kumi na Moja akamweka kuwa msimamizi wa wauguzi pia. Sikukuu yake ni tarehe ile ile aliyokufa.

Kila mtu ana kidonda chake cha moyo. Mmoja anasema uongo, naye ameahidi mara kumi kuacha. Mwingine ana hasira, mwingine anaiba vitu vidogo, mwingine ni mvivu. Anaungama, anaanguka tena, anaona haya kurudi. Basi amkumbuke Camillo. Wahenga walifundisha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Camillo alivunja ahadi mara mbili, na Mungu alimngoja njiani mara ya tatu. Lakini siku ile ya tatu Camillo alifanya mambo ambayo hakuyafanya kwanza. Alimwacha rafiki mbaya. Aliomba kama maskini, bila kujivuna. Alimfungulia padri moyo wake. Alisali kila siku. Akaipa mikono yake kazi njema, siku zote za maisha yake.

Maulizo

1. Vidonda viwili vya Camillo vilikuwa vipi? Kipi kilipona, na kipi kilibaki?
2. Camillo aliweka ahadi ya kwanza wapi, na ya pili wapi? Kwa nini hakuzishika?
3. Alipoteza vitu gani huko Napoli?
4. Kwa nini kuachana na mwenzake huko Manfredonia halikuwa jambo dogo?
5. Sala ya tarehe 2 ya mwezi wa pili 1575 ilikuwa na tofauti gani na zile ahadi mbili?
6. Kidonda cha mguu kilimfaa Camillo namna gani?
7. Eleza kwa maneno yako maana ya methali ya koleo na uhunzi. Kisha tunga habari fupi juu ya mtoto aliyeanguka na kuanza tena.